Mikono ya Makame

Mji ule hakuna aliyejua mpira kunishinda mimi, ingawa kuotea mpaka leo sijui ni nini. Lakini kosa la Makame nililielewa vizuri.

Makame alikuwa akimposa Shemsa, na babake Shemsa, Mzee Ngwali, alikwishaapa kwamba hamwozi binti yake shabiki wa Kisimani, mahasimu wa timu yake ya Sokoni. Makame akasema yeye ni Sokoni tangu tumboni mwa mama.

"Basi twende uwanjani, mwanangu," mzee akamwambia, akamketisha katikati ya wazee wa Sokoni.

Sokoni walipofunga, Makame alipiga makofi kama mtu anayekung'uta unga viganjani. Mechi inakaribia kwisha, Kisimani wakapata penalti. Makame akaikalia mikono yake, akafumba macho. Akasikia tu mayowe ya mashabiki wa Kisimani kutoka ng'ambo ya uwanja.

Alipofumbua, wazee wote walikuwa wamekaa kimya. Yeye peke yake kasimama, mikono juu.

"Kulikoni, mwanangu?" mzee akauliza taratibu.

"Nilikuwa… naomba dua, baba."

"Eh. Naona imejibiwa papo hapo."

Mikono ya Makame bado iko juu, mwenyewe hajui aishushie wapi.