Mwanamke wa Jiwe

Tangu arudi kutoka vitani, Baba Kemunto alikuwa akijificha migombani na patasi. Leo mkewe alimnyatia, akamkuta akichonga jiwe laini kutoka Tabaka: mwanamke aliyempakata mtoto.

"Ndiye uliyemwoa huko Italia?"

"Nilimwona kanisani, kwenye mji wa juu mlimani. Amechorwa ukutani."

"Mwanamke ukutani mwa kanisa? Sisi Wasabato uliona wapi tumeweka sanamu? Unanidanganya!"

Akalinyakua jiwe alivunje. Vumbi likapukutika, akaona sikio la mwanamke huyo limetobolewa, ndewe ikining'inia, kama lake mwenyewe. Akamtazama mtoto. Hakuwa na uso.

"Kemunto alizaliwa na kuzikwa nikiwa huko," mumewe alisema. "Niambie alifananaje."