Mtaalamu wa Majini

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba. Lakini mimi si shehe, mama. Naitwa Bartholomeo!"

Huyu alikuwa wa nne wiki hiyo, na kosa lilikuwa la kibao cha Bartholomeo mwenyewe. Alipopunguzwa kazi ya kufundisha historia chuoni mwaka wa tisini na tatu, alirudi Songea na maboksi ya utafiti wa miaka ishirini, akatundika kibao mlangoni ili apate wanafunzi wa tuisheni: MTAALAMU WA MAJINI NA MAHARAMIA. Wanafunzi hawakuja. Walikuja wagonjwa.

"Majini, yaani kwenye maji!" alifoka, akigongagonga meza kwa kifuniko cha peni. "Vita vya majini! Meli! Mambo ya baharini!"

"Hayohayo ya baharini ndiyo yaliyompanda mume wangu!" yule mama akashangilia. Mumewe, mkulima wa korosho kutoka Namasakata, aliketi kando yake, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. "Moja linasema lilikuwa haramia, likipora meli za Wareno mpaka likazamishwa."

Bartholomeo alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akavuta kiti karibu na yule mkulima, akafungua daftari.

"Mwaka gani?"