Doa Jekundu Chini ya Bahari ya Kaskazini

Kufikia saa nne asubuhi, Åshild Undheim alikuwa amekwisha kula nusu ya penseli, na bado zilibaki mita kumi na mbili za kuchimbwa.

Juu ya meza ya mkutano pale Stavanger, simu ilikuwa ikikoroma kwa upepo wa baharini. Kule baharini kwenye mtambo wa kuchimbia, kekee ilikuwa inashuka kuelekea doa jekundu la kwenye picha ya miamba, ambalo Åshild, akiwa na miezi kumi na moja tu kazini, alilitolea uamuzi kwa saini yake mwenyewe: Chimbeni hapa.

Akikosea, mradi unafungwa Ijumaa, naye anarudi kwa baba yake huko Jæren kuchunga kondoo. Baba alikuwa amemtumia ujumbe wa kumtia moyo: "Kondoo wawili wamezaa mapacha. Viatu vyako vya mpira nimeviosha."

"Doa lenyewe zuri," alisema Ingvald, aliyesoma picha za miamba tangu Åshild hajazaliwa. "Tatizo ni rangi. Binti, nyekundu ni tapeli. Mwaka tisini na nane niliona wanaume wazima wakiichezea ngoma. Tulipochimba tukakuta povu, kama soda iliyosahauliwa mezani. Povu kidogo tu la gesi linaipaka picha rangi hiyohiyo. Likiwepo pale leo, tumekwisha."

"Halipo, mzee wangu. Mawimbi tuliyoyapiga chini ni ya aina mbili. La kusukuma likikuta povu hulegea. La kutikisa halina habari na povu. Hapa yote mawili yamelegea. Jiwe lenyewe ndilo laini."

"Umelishika?"

"Kipande chake, kutoka kisima cha jirani. Nimekibana maabara, nimekipigia makelele. Kina matundu mengi kuliko soksi zako."

Ingvald alizitazama soksi zake kwa heshima zote, akaificha miguu chini ya meza.

Borghild, bosi wao, alikuwa anakata jibini la kahawia vipande vyembamba na kuvipanga juu ya mikate ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo.

"Hebu rudia," alisema. "Mwamba utabeba kiasi gani?"

"Tani milioni sabini."

"Na kifuniko chake?"

"Udongo mgumu, mita mia mbili. Haupitishi hata siri."

Borghild akakata jibini jingine.

Simu ikakohoa. "Tumeingia kwenye mwamba wa mchanga," alisema msimamizi wa uchimbaji. "Kina kilekile alichosema yule dada wa ofisini. Laini ajabu! Subirini vipimo, tuone umejaa nini."

Zikapita dakika arobaini. Åshild alimaliza penseli yake, akahamia ya Ingvald. Ingvald hakulalamika, kuna misiba ambayo mtu huchangia kwa alichonacho.

"Stavanger, mnanisikia?"

"Sema, ndugu yangu, sema!" Borghild alikuwa amekwisha simama, kisu cha jibini mkononi.

"Maji."

Borghild akaisogelea simu.

"Maji gani?"

"Ya chumvi. Mafuta hakuna. Gesi hakuna, hata ya kukaangia yai. Tumepima mara tatu, juu mpaka chini. Maji matupu."

Åshild alikiinamisha kichwa mezani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Ingvald alimwendea taratibu, akamwekea mkono begani, akashusha pumzi ndefu. Kisha mzee huyo wa miaka sitini na minne akapanda juu ya meza na kuanza kucheza.

"Hata povu moja!" alipiga kelele. "Hata moja, binti! Umetuokoa!"

Borghild, machozi ya furaha yakimchuruzika, tayari alikuwa anazungumza na meneja wa kiwanda cha saruji kwenye simu nyingine.

"Anzeni kuukusanya moshi wenu tuje kuuzika chini ya bahari," alimwambia. "Kaburi lake limepatikana."