Umande wa Tumbaku

Nyamizi alirudi kutoka kuchuma tumbaku, nguo zimelowa umande chapachapa, akatapikia nyuma ya jiko mpaka nyongo. Mama mkwe wake akapiga kigelegele.

"Hatimaye, mwanangu! Mimba hiyo!"

Nyamizi alijua ni majani. Yakilowa, sumu yake hupenya ngozini. Leo hata wachumaji wanaume walitapika.

"Mama, si..."

Lakini mama alikwisha kuleta kipande cha udongo wa wajawazito, alichokitunza kwenye pindo la khanga tangu harusi.

"Tafuna, moyo usikuchafuke."

Nyamizi alikuwa amechoka na shamba, amechoka zaidi na miaka ya kuulizwa. Akakipokea kwa vidole vilivyonata utomvu mweusi, akakimega. Kilikuwa kichungu kama tumbaku.

Nje ya ua, jirani aliitikia kigelegele.