Ng'ombe wa Pili

Osoro alilaza karatasi chini ya injini, akachuchumaa kuitazama. Hakufika hata ishirini katika kuhesabu. Tone la oili lilianguka, likatandaa jeusi.

"Bado inavuja," alisema.

"Si nilikuambia kukaza bolti hakutoshi?" Celestine, fundi wa pikipiki pale Keumbu, alikuwa mama mnene wa ovaroli, na mdomo wake haukujua likizo. "Gasiketi ya hapa ubavuni imekufa. Lakini ni tone tu, baba! Na hiyo mimi ningefika Mombasa nirudi."

"Nataka iwe kavu. Kavu kabisa. Na saa sita isinikute sijafika Sironga."

Celestine alimtazama vizuri sasa. Koti jeusi la kuazima, mikono yake mifupi. Shati jeupe. Viatu vinang'aa katika vumbi lote lile. Alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi.

"Kumbe ni bwana harusi! Unaenda kwa wakwe?"

"Kutoa mahari. Ng'ombe mmoja ametangulia na baba mdogo. Wa pili sina. Wa pili ndiye huyu." Aligusa tangi la pikipiki. "Shemeji yangu Omwenga amesema akiona tone moja tu, nimewaletea ng'ombe mgonjwa. Na wazee hawakai kunisubiri baada ya saa sita."

"Na wakikukataa?"

"Marion leo anatoka Kisii. Wakinikataa, gari linampeleka kwao, si kwangu. Nitawaambia nini watoto?"

"Mna watoto?"

"Watatu."

"Ee tata, baba wee! Umekaa na binti wa watu miaka mingapi bila hata mkia wa ng'ombe?"

"Kumi na mmoja. Kila mwaka nilisema, mwaka ujao, majani ya chai yakilipa."

"Mimi ningekuwa nimeondoka mwaka wa pili. Mwenyewe anasemaje?"

"Tangu Jumanne ya wiki iliyopita hajaniambia neno."

"Ana haki yake! Mpigie simu, umbembeleze."

"Simu yake ninayo mimi."

"Mmefika hata kunyang'anyana simu! Nyinyi watoto wa siku hizi, Mungu awasaidie."

Celestine alimwaga oili kwenye karai, akafungua kifuniko cha ubavuni, akakwangua gasiketi iliyooza kwa kisu. Alilaza kipande cha boksi juu ya kifuniko, akakigonga pembeni kwa nyundo ndogo, tak, tak, tak, mpaka boksi likajikata lenyewe kufuata ukingo. Akapaka gundi, akafunga, akakaza bolti moja huku na nyingine ng'ambo yake.

"Sasa gundi ishike. Nusu saa."

"Sina nusu saa, mama. Nakuomba."

"Unaniomba mimi? Iombe gundi. Ukiwasha sasa, itatapika yote."

Osoro alivua koti akaanza kuipepea injini kama mtu anayempepea mgonjwa. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandana na mgongo. Celestine alimwonea huruma, akajaribu kumchangamsha.

"Kitendawili!"

Osoro alibadilisha mkono.

"Basi natega mwenyewe. Ng'ombe wangu hali majani, lakini akilia machozi meusi, mimi ndiye ninayeshiba."

Osoro aliendelea kupepea.

"Pikipiki, wewe! Hata hicho kimekushinda? Unalo penzi la kweli, baba."

Gundi iliposhika, Celestine aliirudisha oili kwenye injini, akaongeza nyingine yake mwenyewe. Osoro alipoingiza mkono mfukoni, alimzuia.

"Nenda. Siku utakayopita hapa na Marion, nimwamkie tu kwa mkono. Inatosha."

Osoro alivaa koti. Akapiga kiki.

Barabara ya Sironga aliikimbia huku jicho moja likiwa kwenye injini. Alipoingia uani, wazee walikuwa wameshasimama, na ng'ombe wa kwanza alikuwa chini ya mti, kamba bado mkononi mwa baba yake mdogo. Hakuna aliyekuwa tayari kuipokea.

"Usizime," Omwenga alisema.

Akapiga magoti. Alipitisha kitambaa cheupe chini ya injini, mbele, nyuma, kila bolti. Akangoja. Injini ilinguruma, watu wote walitazama chini.

Kitambaa kilitoka cheupe.

Ndipo mzee Ombati, baba yake Marion, alipoipokea kamba. Kisha akanyoosha mkono kwa Osoro.

"Leo wewe ni mkwe wangu. Mchukue mke wako."

Osoro aliinama juu ya mkono ule, akalia kama mtoto. Omwenga alisogea kando na simu yake.

"Dereva, umefika wapi? Geuza gari," alisema. "Jeneza liende kwa mumewe."