Kanga za Harusi ya Tunu

Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na mashine ya kuchapa karatasi na vitambaa, na sheria ilikuwa moja: kompyuta yoyote ikituma kazi, hata inayotumia mfumo huria uliotungwa na vijana wa mtaani, mashine hairuhusiwi kukataa.

Bi Mwanahamisi wa Pangani aliipenda sheria hiyo. Binti yake Tunu alikuwa anaolewa, naye alichora kanga ya harusi kwenye kompyuta kuukuu ya marehemu mumewe, yenye maneno "Tunu wetu leo ni bibi harusi". Akabonyeza "Tuma kwa wote" ili iwafikie ndugu zake.

Siku ya harusi dada zake waliwasili kutoka Lindi na Lamu, kila mmoja na kanga ile ile, rangi haikupishana hata kidogo. Bi Mwanahamisi akalia kwa furaha, kisha akaingia kucheza.

Mlangoni alimwona mwanamke asiyemfahamu, naye kavaa kanga ya Tunu.

"Karibu, dada. Wewe ni wa upande wa bwana harusi?"

"Hapana, mama. Hata Tunu simjui. Niliamka nikakuta mashine yangu imeshaichapa. Nikasema, kama nimealikwa, nije."

Bi Mwanahamisi alicheka hadi akashika mbavu. Akamvuta ndani, akampakulia pilau, wakacheza pamoja. Alipogeuka kutazama barabarani, wanawake wengine walikuwa wanakuja kwa makumi, wamejifunga kanga zile zile, na hakumtambua hata mmoja.