Mafuta Kwenye Shuka

Ngozi ya mzee, iliyokuwa ikipasuka hadi kutoa damu, sasa ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Binti yake alimpaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni.

“Mwilini hayana neno,” nesi alimwonya. “Ila shuka likishayanywa, hata ufue vipi hayatoki. Moto ukiligusa, hutawahi hata kumwinua.”

Siku hiyohiyo binti akamnyang’anya baba yake sigara. Mzee akanuna, akakataa kusema naye. Kiberiti kikabaki chini ya mto.

Jioni, umeme ulikatika binti akiwa mlangoni na chai. Akapapasa ukuta.

“Polepole, mwanangu, usije ukajikwaa,” mzee akasema kwa upole. “Ngoja nikumulikie.”

“Baba, usi—”

Njiti ikawaka. Akaliona tabasamu la baba yake, na chini yake shuka, likimetameta.